Jangwa la kurasa 64: kutengeneza kitabu cha picha kwa namna ya Kijapani ukiwa Dar es Salaam

Japani haina jangwa. Ina Tottori, ukanda wa mchanga kando ya bahari, wenye urefu wa kilomita 16 hivi na upana wa kilomita 2.4, unaonyeshewa mvua na wakati wa baridi kufunikwa theluji. Mchanga wake uliteremshwa na mto Sendai kutoka milimani, bahari ikausukuma pwani na upepo ukaupandisha ukawa vilima. Ni hapo Shoji Ueda (1913–2000), mzaliwa wa Sakaiminato katika mkoa huohuo wa Tottori, alipowapanga mkewe na wanawe mmojammoja kama kete za bao, akapiga picha ambazo asiyejua ataapa ni Sahara. Alikuwa na ufukwe wa nyumbani kwao na fremu iliyojua kuacha vitu nje.

Kwa hiyo mtu wa Dar hana haja ya kupanda ndege. Ukiwa na nauli na muda, nenda Ngorongoro, karibu na Olduvai, ukaone tuta la majivu meusi ya volkano ya Ol Doinyo Lengai: umbo la mwezi mwandamo, kimo cha mita 9 hivi, urefu wa mita 100, nalo huhama takriban mita 17 kwa mwaka. Lakini tuta moja zuri halijazi kitabu. Ufukwe unaoweza kuurudia mara nane unakijaza.

Neno la Kijapani ni shashinshū, yaani mkusanyo wa picha uliofanywa kitabu. Kwa miongo mingi wapigapicha wa Kijapani walikuwa na kumbi chache za maonyesho, na kazi zao zikaishi magazetini na vitabuni. Kitabu kikawa kazi yenyewe, si albamu ya kukumbushia maonyesho. Ndiyo maana karatasi, mshono na kurasa tupu vinafikiriwa kabla ya safari ya kwenda kupiga. Tutafuata mpangilio huohuo.

Ukubwa kwanza

Mashine nyingi za kuchapa za Kariakoo na Posta zinakula karatasi ya A3, mm 420 × 297. Ukichagua kitabu cha A4, kurasa mbili zinazotazamana zitaijaza A3 yote hadi ukingoni. Mashine hizo haziwezi kuchapa hadi mwisho kabisa wa karatasi, kwa hiyo kila picha itazungukwa na mstari mweupe usiolingana. Chagua B5 ya Kijapani, mm 182 × 257 (B5 ya kimataifa ni ndogo kidogo, 176 × 250, usizichanganye). Kurasa mbili za B5 hiyo ni 364 × 257. Ongeza mm 3 kila upande za kukatwa unapata 370 × 263, zinazoingia ndani ya A3 na nafasi ya alama za kukatia inabaki.

Kurasa ziwe 64. Kila karatasi ya A3 ikikunjwa katikati hutoa kurasa 4, kwa hiyo utahitaji karatasi 16 kwa nakala moja. Usizikunje zote pamoja, zigawe mafungu manne ya karatasi nne. Kila fungu lina kurasa 16, na katikati ya kila fungu pana kurasa mbili zilizo juu ya karatasi moja isiyokatika: 8–9, 24–25, 40–41 na 56–57. Ziandike namba hizi ukutani. Ni mahali pekee kitabuni ambapo picha ndefu inaweza kuvuka katikati bila kuvunjika. Kurasa 10 na 11, kwa mfano, ziko kwenye karatasi mbili tofauti. Mashine ikiteleza milimita moja tu, upeo wa macho utakuwa na ngazi. Kwenye picha ya soko hakuna atakayeiona, lakini jangwani, ambako upeo wa macho ndio mstari pekee uliopo, ataiona hata mtoto.

Chukua karatasi 16 za A4 za kawaida, kunja mafungu manne, tia namba kwa penseli. Hicho ni kitabu cha mfano, kwa ukubwa wa A5. Usimlipe mtu yeyote senti kabla hujakishika mkononi.

Mahali na maji

Fukwe za Kigamboni kuanzia Mjimwema kuelekea Kimbiji zina mchanga mpana na watu wachache siku za kazi. Coco Beach ina mawe na umati, iache. Mashamba ya chumvi ya Kunduchi wakati wa kiangazi hutoa gamba jeupe lisilo na kimo chochote, lakini yana wenyewe: omba ruhusa kwanza. Ukivuka Magogoni, kamera ibaki ndani ya mfuko. Kivuko na maeneo ya jeshi si mahali pa kujaribia lenzi.

Wavuvi watakwambia kuhusu bamvua, siku maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, na maji mafu, siku yanaposogea kidogo tu, nawe uwasikilize, kwa sababu hapa ndipo wengi wanakosea. Mtu husikia kwamba bamvua ndiyo maji hukauka mbali kuliko siku zote, anakwenda siku ya mwezi mpevu, anakuta mchanga wa kutosha na picha mbovu. Siku za bamvua maji hufika chini kabisa kwenye saa 4 asubuhi hivi, na saa hiyo jua limeshapanda na vivuli vimekufa. Nenda siku mbili au tatu kabla ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo. Kupwa kunatangulia kwa saa moja na nusu hadi mbili, na kufikia saa 1 asubuhi mchanga umeshafunuka vya kutosha huku jua bado liko chini. Jedwali la maji la bandari lina saa kamili. Lisome kabla ya kuita watu.

Hesabu ya vivuli ni rahisi kwa sababu tuko karibu na ikweta: jua hupanda takriban nyuzi 15 kila saa. Saa moja baada ya kuchomoza, kivuli cha mtu wa mita 1.7 kina urefu wa mita 6.3 hivi. Saa mbili baada ya kuchomoza kimebaki mita 2.9. Saa tatu baada ya kuchomoza, kimelingana na mtu mwenyewe. Kwa hiyo una dakika 90 za kazi. Zilizobaki ni za chai.

Isipokuwa siku chache. Mwanzoni mwa Machi na kwenye tarehe 10 Oktoba hivi, jua la Dar saa sita mchana linapita utosini, na mtu husimama juu ya kivuli chake kama kigingi. Hiyo hutaiona Tottori. Picha moja ya namna hiyo ndani ya kitabu inatosha, mbili zinachosha.

Kuificha bahari

Ufukwe wa Kigamboni unatazama mashariki. Ukigeukia nchi kavu unapata minazi na kuta za mahoteli, ukigeukia bahari unapata maji na meli zimetia nanga zikisubiri bandari. Vyote vinaua jangwa. Dawa ni kimo cha kamera. Tafuta mahali ambapo mawimbi yamejenga tuta la mchanga, hata la nusu mita. Simama upande wa nchi kavu na ushushe kamera hadi iwe chini ya kilele cha tuta. Bahari na meli vinazama nyuma yake, linabaki tuta na mbingu.

Kimo cha kamera kina kazi ya pili ambayo watu hawaambiwi. Kwenye mchanga tambarare, upeo wa macho humkata kila aliyesimama kwa kimo kilekile cha kamera, awe karibu au mbali. Kamera ikiwa usoni kwako, mita 1.6, mstari utapita machoni mwa kila mtu, kama wamefungwa macho kwa uzi mmoja. Ishushe hadi sentimita 40, mstari unapita chini ya magoti, na watu wanasimama mbinguni wazima. Stendi ya miguu mitatu ikishushwa yote inafika hapo. Ndoo iliyopinduliwa nayo inafika.

Kupanga watu

Watatu hadi watano wanatosha. Wape nafasi kiasi kwamba hakuna anayemgusa wala kumfunika mwenzake, na vivuli vyao pia visigusane; kivuli kinachopanda mguu wa mwingine huwafanya wawili kuwa doa moja. Wajapani wana neno ma, nafasi iliyo kati ya vitu na inayohesabiwa kama kitu chenyewe. Mswahili anayejua bao hahitaji maelezo marefu: shimo tupu nalo liko mchezoni.

Wasitabasamu, wasitazamane. Mmoja atazame kamera, wa pili atazame pembeni, wa tatu ashike kitu kisicho na kazi mchangani: mwavuli, kibao cha mbuzi, baiskeli, redio. Mavazi yawe na umbo linalosomeka kwa mbali. Baibui na kaniki husimama vizuri dhidi ya mbingu nyeupe. Kanzu nyeupe hupotea, unabaki na kichwa kinachoelea. Anayevaa kanzu mpandishie kamera ili mwili wake uangukie mchanga, au mweke mbele ya upande wa tuta ulio kivulini.

Nyayo ndizo huharibu asubuhi nyingi kuliko kitu kingine chochote. Mchanga haufutiki. Kuti huacha mistari ya kuti, na kiganja huacha alama za kiganja. Fanya hivi: weka kamera kwanza, chagua fremu, kisha waambie watu waingie kutoka pembeni, nje ya fremu, wa mbali kabisa akitangulia na wa karibu akifunga. Kila mmoja apewe kombe au jiwe dogo la kuonyesha pa kusimama, lirushwe kutoka nje badala ya kupelekwa. Wewe usivuke mbele ya kamera hata kama kofia imeanguka. Ukitaka kupanga upya, hamia mita 30 mbele. Mchanga upo mwingi.

Mwanga na vumbi

Kipima mwanga cha kamera hudhani dunia ni ya kijivu. Mchanga mweupe ukijaa fremu, kamera itaufanya kijivu kama saruji. Ongeza stopu 1 hadi 1.5 (stopu moja ni mwanga mara mbili). Kwa majivu meusi ya Ngorongoro fanya kinyume, punguza stopu 1, la sivyo yatachapika kama vumbi la barabarani. Ukiwa na lenzi ya mm 35 kwenye kamera ya fremu kamili, weka tundu la lenzi kwenye f/11 na ulenge umbali wa mita 4: kila kitu kuanzia mita 2 hivi hadi upeo wa macho kitakuwa kikali. Simu yako inafanya hivyo yenyewe.

Simu inatosha? Kurasa mbili nzima kwa nukta 300 kwa inchi zinadai pikseli 4370 × 3106. Simu ya megapikseli 12, yenye 4000 × 3000, hutoa nukta 275 hivi, na karatasi isiyong'aa haitakushitaki. Kinachoiangusha simu ni watu kutumiana picha kwa WhatsApp, ambako zinabanwa hadi zinakuwa uji. Zihamishe kwa waya au kwa flashi.

Usibadilishe lenzi ufukweni. Punje moja ya mchanga ndani ya kamera inakwaruza mahali usipopaona mpaka siku ya kuchapa. Lenzi ipulizwe kwanza kwa pampu ya mpira ndipo ifutwe; ukianza na upindo wa kanga unaisugua kwa msasa. Nyumbani futa chumvi ya nje kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha hifadhi kamera kwenye kopo linalofunga vizuri pamoja na vifuko vya kukausha. Kuvu wa ndani ya lenzi hupenda hewa ya Dar kuliko tunavyoipenda sisi.

Juu ya mkeka

Chapa picha zote zenye tumaini, 80 au 100, kwa ukubwa wa sm 9 × 13, zitandaze juu ya mkeka. Kompyuta haifai kwa kazi hii kwa sababu inaonyesha picha moja baada ya nyingine, wakati kitabu kinaonyesha mbili kwa pamoja na ya tatu ikinyemelea nyuma ya ukurasa.

Mgawanyo unaofanya kazi kwa kurasa 64: picha 4 ndefu kwenye zile katikati nne (kurasa 8), picha 34 za ukurasa mmoja, kurasa 20 tupu, moja ya jina, moja ya mwisho. Wengi hushtuka wakisikia kurasa 20 tupu wakati karatasi inalipiwa. Fikiria kanga. Ina pindo, mji na jina, na mji usingeonekana kama pindo lisingeuzunguka. Ukurasa mtupu wa kushoto ni pindo la picha ya kulia.

Amua kimo kimoja cha upeo wa macho kwa kitabu kizima, tuseme mm 85 kutoka chini ya ukurasa, na uzikate picha zote zifuate. Msomaji akifunua haraka, mstari utasimama palepale na watu ndio watakaotembea juu yake. Kisha uvunje mara moja, katika theluthi ya mwisho, kwa picha ambayo mstari umepanda juu kabisa au haupo. Mara moja inatosha. Ukivunja mara tatu, msomaji atadhani fundi alikosea kukata.

Kosa la kawaida katika kupanga ni kuweka pamoja picha zinazofanana: miavuli hapa, watoto pale, nyayo kule. Hiyo ni katalogi. Unganisha kwa umbo: mwavuli uliofunguliwa, kurasa mbili tupu, halafu mgongo wa tuta wenye mviringo uleule. Msomaji hataweza kusema kwa nini amesimama hapo, lakini atasimama.

Kitabu kifunguke upande gani? Vitabu vya Kijapani vyenye maandishi ya wima hufungwa kulia. Sisi pia tulikuwa na maandishi ya kulia kwenda kushoto enzi za hati za Kiarabu, kwa hiyo si ugeni mtupu. Hata hivyo, kama maelezo yako ni ya Kiswahili cha leo, funga kushoto. Kugeuza kitabu ili kionekane cha Kijapani ni kuvaa kimono juu ya suruali.

Kutayarisha picha za kuchapa

Geuza kuwa nyeusi na nyeupe kwa kupandisha mng'ao wa rangi ya bluu, mbingu ipauke. Ukiishusha, mbingu inakuwa nyeusi ya kutisha. Nayo inapendeza, ila chagua moja kwa kitabu kizima.

Mbingu iliyopauka ina mtego wake. Ikiwa nyeupe kabisa, wino sifuri, haina tofauti na karatasi, na picha isiyojaza ukurasa inapoteza ukingo wake: watu wanaelea bila fremu. Acha asilimia 3 hadi 5 ya wino hata mahali peupe kuliko pote. Upande wa pili, karatasi isiyong'aa hunywa wino na kufanya rangi za kati kuwa nzito. Kijivu cha asilimia 50 kinaweza kutoka kama 65 au 70. Vitabu vya zamani vya Kijapani vilipata weusi wao wa mahameli kwa gravu, uchapaji ambao wino hukaa kwenye vishimo vya kina tofauti; mashine ya dijito haina vishimo hivyo. Kwa hiyo inua rangi za kati kabla ya kupeleka. Kiasi gani? Tengeneza A3 moja yenye picha mbili zako na miraba 12 ya kijivu kutoka 0 hadi 100, ichapishwe kwenye mashine ileile na karatasi ileile, uitazame mchana kando ya dirisha. Taa za dukani zinadanganya.

Mwambie fundi atumie wino mweusi pekee. Akichapa kwa rangi zote nne, kijivu chako kitaegemea kijani au waridi, na ukurasa wa 40 hautafanana na wa 8.

Dukani

Karatasi: gramu 120, isiyong'aa, yenye weupe wa maziwa kama ipo. Inayong'aa huakisi taa, na mchanga unageuka plastiki. Uliza pia mwelekeo wa nyuzi, yaani upande ambao karatasi inakubali kukunjwa. Chukua A3, ipinde taratibu kwa urefu, kisha kwa upana bila kuikunja. Upande unaopinda kwa ulaini ndio wa nyuzi. Mkunjo wetu uko sambamba na upande wa mm 297, kwa hiyo nyuzi zinatakiwa zielekee huko. Zikielekea kinyume, kitabu hakitalala wazi, kitajifunga kama kome.

Faili usilipeleke la kurasa 64 pamoja. Mashine ikiambiwa "kijitabu" italikunja kama fungu moja la karatasi 16, na kurasa zako za katikati nne zitapotea zote; katikati pekee itakuwa 32–33. Panga kurasa kwenye Scribus, ambayo ni ya bure, au programu yoyote uliyonayo. Toa PDF nne za kurasa 16, kila moja ichapwe kama kijitabu chake, pande mbili, ikigeuziwa upande mfupi. Simama hapo hapo fungu la kwanza likitoka. Ulinyanyue kwenye mwanga: alama za kukatia za mbele na nyuma zitofautiane chini ya milimita moja. Zikizidi, mwombe arekebishe kabla ya fungu la pili, kwani baada ya nakala kumi hatakuwa na moyo huo.

Kata kabla ya kukunja, kwa 364 × 257. Kabla kisu hakijashuka, karatasi zisawazishwe kwenye kona ileile iliyoingia mashinani kwanza, maana kona hiyo ndiyo pekee inayolingana kwa karatasi zote. Ukishakunja, karatasi za ndani zitachomoza nusu milimita hivi kuliko za nje. Ziache.

Kushona

Mshono wa Kijapani wa matundu manne, yotsume toji, unapendwa sana mitandaoni na haufai hapa. Unatoboa kitabu kizima pembeni, unakula mm 15 hadi 20 za kila ukurasa upande wa mgongo, na kitabu hakilali wazi. Picha zako ndefu zitazama bondeni. Shona mafungu.

Vifaa: msharasi wa fundi viatu, shazia nyembamba, uzi mnene wa pamba au kitani mita 1.5, nta, gundi nyeupe, mgongo wa kijiko cha kukandamizia mikunjo. Karatasi zenye picha nyeusi kwenye mkunjo zikunje polepole na kwa rula, kwa sababu wino wa unga hupasuka na kuacha mstari mweupe.

Kwenye mkunjo wa kila fungu toboa matundu sita, ukipima kutoka juu: mm 15, 75, 110, 147, 182 na 242. Tumia kipande kimoja cha manila kama kipimo kwa mafungu yote. Ukipima kila fungu upya, kitabu kitakuwa na mabega. Pitisha uzi kwenye nta. Fungu la kwanza: ingia tundu la 1 kutoka nje, toka la 2, ingia la 3, toka la 4, ingia la 5, toka la 6. Acha mkia wa sm 10 pale ulipoanzia. Weka fungu la pili juu, ingia la 6, rudi hadi la 1 kwa mtindo uleule. Kila uzi unapopita nje, kati ya 5 na 4 na kati ya 3 na 2, upitishe kwanza chini ya uzi wa fungu la chini ili mafungu yashikane. Ukifika la 1 funga fundo na ule mkia. Fungu la tatu linaanzia la 1 na kuishia la 6. Hapo chomeka sindano kati ya mafungu mawili ya chini, ishike uzi, fanya kitanzi, kaza, kisha panda la nne. La nne nalo likiishia la 1, kitanzi kama hicho na fundo.

Kaza kwa kuvuta uzi kufuata mgongo. Ukivuta kwa kwenda juu, karatasi inachanika tunduni, na hapo hakuna dawa. Paka mgongo gundi nyembamba, bana kati ya mbao mbili, subiri saa moja.

Jalada na mshipi

Kadibodi ngumu ya mm 2: vipande viwili vya 178 × 263, na ukanda wa mgongo wa 10 × 263, ikiwa kitabu chako kina unene wa mm 6 (pima chako). Kati ya ukanda na kila kipande acha mm 7 za bawaba. Kitambaa kiwe 420 × 303. Kaniki inafaa kuliko vitambaa vyote vya rafu za bei: nyeusi ya bluu, isiyong'aa, nyepesi. Lakini gundi hupenya ndani yake na kuacha mabaka yasiyotoka. Siku moja kabla, bandika karatasi nyembamba nyuma ya kitambaa kwa uji mwepesi wa ngano, ukauke. Ndipo ukitie gundi.

Gundi ya maji huvuta kadibodi ikikauka, jalada linapinda kama kigae. Paka nyembamba, weka karatasi ya nta ndani ya kila jalada, kandamiza chini ya matofali mawili kwa saa 24. Wakati wa masika zifanye 48, na usijaribu kuharakisha kwa kuanika juani.

Mshipi wa karatasi unaozunguka vitabu vya Kijapani unaitwa obi, jina lilelile la mshipi wa kimono. Upana wa mm 60 unatosha. Unahitaji 380 za kuzunguka na 70 za kukunjia ndani kila upande, jumla mm 520, ambazo A3 haina. Kata kwenye manila kubwa au unga vipande viwili, kiungo kifichwe chini ya jalada la nyuma. Maandishi yawe ya mstari mmoja, kama jina la kanga: mafupi, na yasiyoeleza picha.

Ukurasa wa 64 ni wa taarifa: jina la kitabu, la mpigapicha na la aliyeshona, mahali, mwezi na mwaka, idadi ya nakala na namba ya hii. Wajapani huuweka mwisho na kuuita okuzuke. Andika namba kwa penseli, maana wino wa kalamu hupenya upande wa pili.

Nakala ikikauka, usiifunue katikati kwa nguvu. Isimamishe kwa mgongo mezani, laza jalada la mbele, kisha la nyuma, halafu kurasa nne za mbele, nne za nyuma, ukikandamiza kwa kidole karibu na mshono, mpaka mikono ikutane kwenye ukurasa wa 32.